Kosa la Saa Nane Usiku

Julai hapa Coyhaique ni kipupwe chenye meno.
Hewa ya joto hukaa juu ya bonde
kama kifuniko cha sufuria,
na chini yake mji mzima unachoma kuni mbichi.
Pafukapo moshi pana moto, sawa.
Lakini moto wa nani? Na umewashwa saa ngapi?
Kwa swali hilo tunalipwa mshahara, mimi na Nolberto.

Tuna modeli tatu.

Ya kwanza ni kongwe.
Huchukua kila dohani, ikachora mkia wa moshi
ulionyooka na upepo, mnene katikati, mwembamba pembeni,
kengele iliyolazwa ubavu.
Humaliza kazi kabla chai haijapoa.
Upepo ukitulia kabisa hugawanya kwa sifuri
na kutuambia, bila haya, kwamba moshi hauna kikomo.
Nolberto anaipenda.
Ikikosea, asema, hukosea mchana kweupe.

Ya pili hukata hewa vipande vya mchemraba,
kilomita kwa kilomita,
kila kipande kikimpa jirani alichonacho.
Seva hunguruma usiku kucha;
chumba chake ndicho pekee jengoni kisicho na jiko.
Inajua mlima. Inajua theluji. Inajua kemia.
Ila ndani ya mchemraba mmoja
wodi ya wazazi na kiwanda cha mbao
huvuta pumzi ileile.

Ya tatu huachia chembe laki moja
na kuzifuata mojamoja, kama mama
anayemfuata mtoto mtundu sokoni.
Ukitaka, igeuzie saa:
chembe hurudi kinyumenyume zilikotoka,
moshi hushuka dohanini, hujikunja,
huwa ukuni tena.
Hiyo nimeitazama mara nyingi kuliko kazi inavyodai.

Juu ya paa la shule kuna mashine ya kupima.
Tukalinganisha usiku arobaini.
Saa mbili, watu wakipika, mistari yote minne hupanda pamoja.
Saa sita hushuka.
Saa nane mstari wa mashine hupanda peke yake,
kilima kisicho na baba,
na modeli zangu tatu zimelala fofofo.

Mashine mbovu, nikasema.
Tukabadilisha chujio, tukabadilisha waya.
Kilima kikarudi.

Basi nikaigeuzia saa ile ya tatu.
Chembe zikarudi nyuma, zikapita uwanja wa mpira,
zikajazana kwenye vichochoro vya mabati upande wa mtoni.
Tukaenda na gari la ofisi.

Bi Ercira Chiguay alitufungulia akiwa na koti juu ya koti.
Jikoni ukuni ulikuwa ukitoa povu kwenye ncha,
ukilia maji yake.
Saa nane? akasema. Saa nane mjukuu hukohoa.
Akikohoa najua baridi imeingia.
Naongeza kuni.

Nyumba ya pili, vilevile.
Ya tatu, mzee mmoja, bila mjukuu,
anakohoa mwenyewe na kujiongezea mwenyewe.

Nolberto hakuandika kitu.
Alishika kalamu tu, kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.
Katika michoro yetu yote
mishale hutoka dohanini kwenda pafuni.
Hakuna aliyechora mmoja
unaorudi.

Tuliporudi niliongeza mistari sita kwenye programu:
kikohozi, kisha kuni, kisha kikohozi.
Kosa likapungua nusu, modeli zote tatu.
Makao makuu wakatuandikia pongezi
wakauliza kama tuna picha nzuri ya grafu.

Ninayo.
Kilima cha saa nane sasa kina mistari minne,
imeshikana vizuri, rangi nne.
Usiku huu nami nimeamka.
Nyumbani kwangu baridi imeingia, mwanangu anageuka kitandani,
na nimesimama mbele ya jiko,
ukuni mkononi,
nasikiliza.